Machungwa ya Fundi wa Majeneza

Hakuna mtu pale mtaani aliyependa kusalimiwa na Fundi Futi. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, la hasha. Taabu ilikuwa macho yake. Alikuwa ametengeneza majeneza kwa miaka ishirini na saba, na macho ya mtu wa namna hiyo hayakai yanapowekwa. Ukimwamkia, yanaanzia utosini kwako, yanateremka taratibu mpaka kwenye visigino, halafu yanavuka kutoka bega moja hadi la pili, na hapo midomo inacheza kidogo. Kila mtu alijua midomo ile inasema nini. Inasema futi tano na inchi nane, upana wa kawaida.

Wapo waliokunja magoti kidogo wakimwona kwa mbali, ili achukue vipimo vya uongo. Muuza magazeti wa kwenye kona alikuwa na tofali lake maalumu. Futi akitokeza, yeye anapanda juu ya tofali. Mwenyewe Futi hakuwa na habari. Alidhani watu wa mtaa ule wana haraka tu, na wengine wana matatizo ya magoti.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, na mbele kiwanja kidogo kilichojaa maranda ya mbao mpaka hatua zikawa hazisikiki. Juu ya mlango kibao kilisema: VITANDA, MEZA, MAKABATI NA HUDUMA YA MWISHO. Zamani vitanda ndivyo vilivyomlisha yeye, mke wake na watoto wao watatu. Kisha likafunguliwa duka kubwa la fanicha barabara ya juu, likaleta vitanda vya unga wa mbao ulioshindiliwa, vinavyokuja ndani ya boksi lenye picha ya watu wanaocheka. Vitanda vile humvumilia mtu miaka miwili, ikizidi sana mitatu, halafu vinasalimu amri usiku wa manane. Lakini watu na picha! Futi akabakiwa na huduma ya mwisho tu. Na hiyo nayo, mwaka uliopita, ikachukuliwa na Vanishi.

Huyu Vanishi alikuwa mwanafunzi wake. Alifika pale karakana hajui hata upande gani wa msumeno una meno, na Futi akamfundisha kila kitu, kushika randa, kunoa patasi, kuisikiliza mbao kabla ya kuikata. Miaka minane. Kisha akaaga vizuri, akaenda kufungua duka mbele ya geti la hospitali, duka la vioo, lenye majeneza yanayong'aa mpaka unaweza kuyatumia kuchania nywele. Ukinunua, unapewa na gari bure. Sasa Vanishi alikuwa bwana mkubwa mwenye simu mbili, na zote zinalia.

Lililomuumiza Futi zaidi ni kwamba kijana hakuwa na kiburi. Angekuwa na kiburi, angemtukana na roho yake ingetulia. Badala yake alikuja Jumatatu moja, akasimama mlangoni mikono nyuma kama siku ile ya kwanza, akasema, "Shikamoo, Mzee wangu. Mimi nimezidiwa na kazi. Njoo tufanye pamoja. Utakuwa msimamizi wa mafundi wote. Kuna mwingine anaitaka nafasi hiyo, ila nimemwambia asubiri mpaka mwisho wa mwezi. Kwanza wewe."

Futi akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi ndani akakaa juu ya rundo la mbao. Kuajiriwa na mtu uliyemfundisha kushika nyundo! Jioni alimwambia mke wake, "Nikienda pale, nimeshazikwa. Na sanduku lenyewe si kazi ya mkono wangu."

"Basi tafuta kazi kabla mwezi haujaisha," mke akasema. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Maneno yote ya ukoo ule alikuwa amepewa mdogo wake.

Huyo mdogo mtu, shemeji yake Futi, alikuwa akiuza viatu sokoni, na wiki ileile alikuwa ametoka kwenye semina ya biashara ya siku mbili. Alikuja Jumapili na faili jipya kwapani, akalifungua mezani kabla hata hajapewa chai.

"Shemeji, tatizo lako si mbao. Mbao zako nzuri sana. Tatizo lako huna wema."

"Mimi sina wema?"

"Unao, ila umeufungia stoo. Siku hizi mtu hanunui kitu, ananunua roho ya anayeuza. Mimi mteja akija nampa maji ya kunywa kabla hajavua kiatu. Halafu namfutia vumbi kile kiatu chake kikuukuu, taratiiibu. Unadhani ataondoka mikono mitupu? Ataona haya!"

Futi alifikiri. "Sasa mimi mteja wangu nimpe maji? Mteja wangu hanywi."

Mke wake alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Lakini shemeji hakutikisika.

"Basi wafuate wakiwa bado wanakunywa! Nenda hospitali, shemeji. Watembelee wagonjwa, wapelekee machungwa, wape pole. Usitaje biashara hata kidogo. Wema tu. Siku ya siku ikifika, ndugu zao watamkumbuka nani? Yule mwenye vioo, au yule aliyemmenyea marehemu chungwa?" Akapekua karatasi kuhakikisha kitu. "Na kumbuka, wema usioonekana ni hasara. Uache alama."

Naomba tusimcheke sana Futi. Mtu aliyebakiwa na wiki tatu husikiliza hata ushauri wa muuza viatu. Kesho yake alivaa koti, akachukua kifuko cha vifaa, akaenda hospitali.

Ilikuwa hospitali ndogo, ya wodi mbili zilizotenganishwa na pazia la kijani. Aliona benchi la wagonjwa wanaosubiri daktari linapepesuka, mguu mmoja umekatika. Akaona wema wa kuanzia ndio huo. Alilipindua, akalichongea mguu mpya, akalipiga msasa, na kwa kuwa alikuwa ameambiwa aache alama, akapigilia kibao kidogo kwenye mgongo wa benchi: UMEKAA KWA HISANI YA FUNDI FUTI. MAJENEZA IMARA. KARIBU. Na namba ya simu.

Kufikia saa sita mchana hakuna aliyekaa. Benchi lilikuwa jipya, imara, limenyooka, na wagonjwa kumi na wawili walikuwa wamesimama ukutani, mmoja wao ana plasta ya mguu.

Akaitwa na Sista Mkuu, mwanamke mfupi ambaye hata madaktari walimpisha kwenye korido.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Wema, Sista."

"Wema wenye namba ya simu?"

Futi akafungua kifuko cha vifaa. Alitoa kibao palepale mbele yake, akaziba matundu ya misumari, akaomba radhi. Sista Mkuu alilitikisa benchi mara mbili, akakuta halitikisiki, akaguna. Kwa Sista Mkuu kuguna kulikuwa karibu na pongezi.

Basi akaingia kwenye machungwa. Kila siku saa kumi, saa ya kuona wagonjwa, aliingia wodi ya wanaume na mfuko. Siku ya kwanza, alipotokeza tu mlangoni, maongezi yote yalikatika. Kitanda cha kwanza alilala muuza nyama, anasumbuliwa na tumbo.

"Pole sana, ndugu yangu. Nimekuletea chungwa." Na macho, yale macho, yakaanzia utosini.

Muuza nyama akavuta magoti mpaka kifuani. "Sili machungwa mimi."

"Daktari amekukataza?"

"Nimejikataza mwenyewe."

Wa pili alijifunika shuka gubigubi asionekane, halafu akakumbuka mtu aliyefunikwa gubigubi anafananaje, akalitupa shuka kule. Wa tatu, ambaye siku nne nzima hakuwa amenyanyuka, alinyanyuka. Alitembea kwa miguu yake mpaka chooni, na nesi aliyemwona akaita wenzake waje kushuhudia.

Mambo yakaendelea hivyo wiki nzima. Futi anaingia, wodi inaamka. Watu wakawa wanameza dawa bila kubembelezwa. Muuza nyama aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani siku ya tatu, na alipoambiwa asubiri daktari, akamsubiri getini akiwa ameshavaa viatu. Mwisho wa wiki nusu ya vitanda vilikuwa vitupu, na Sista Mkuu akamwita tena.

"Fundi, sijui nikufukuze au nikuombee mshahara. Tangu uanze kuja wagonjwa wangu wanapona. Hakuna anayetaka umkute amelala."

Futi alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. "Biashara gani hii?" alimlalamikia mke wake. "Mimi napeleka wema, wateja wanapona!"

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri kwao!" akafoka. Kisha akajisikia mwenyewe alichokisema. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Siku kumi zilikuwa zimebaki.

Kesho yake alikwenda na machungwa kwa mazoea tu, kwa kuwa alishayanunua. Sista Mkuu akamshika mkono wa koti. "Hayo yanabaki kila siku yanaoza. Mpelekee yule Bibi wa kona, upande wa wanawake. Wiki ya tano sasa yuko hapa, na sijaona mtu aliyemletea hata kijiko."

Bibi huyo alikuwa amelala kitanda cha mwisho, ubavuni, amejikunja. Kwa miaka thelathini alikuwa akikata tiketi stesheni ya treni. Alikuwa mrefu ajabu, na dirisha la tiketi lilikuwa chini, kwa hiyo abiria wote wa mji ule walimjua kwa kidevu na mikono tu. Wanawe walikuwa nchi za mbali, wanapiga simu sikukuu. Wenzake wa rika walikuwa wametangulia karibu wote.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Futi? Nilisikia upande wa pili watu wanapona kwa kishindo, nikajua umefika. Haya, nipime umalize."

"Hapana, Bibi! Mimi sikuja kupima mtu."

"Midomo yako imeshasema futi sita."

"Futi sita na inchi moja," Futi akasema kabla hajajizuia, akaziba mdomo.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo inchi moja ni nywele, zimetimka, hakuna wa kunisuka. Kaa. Hilo chungwa lina mbegu?" Akalimenya mwenyewe, kwa vidole virefu vilivyozoea kuhesabu chenji, akaligawa katikati na kumpa Futi nusu. Futi aliishika ile nusu asijue aifanyeje. Wiki nzima alikuwa anagawa machungwa, na hakuna aliyewahi kumwambia na wewe kula.

"Daktari anasema moyo wangu umekuwa mkubwa kupita kiasi," Bibi alisema. "Nikamwambia umechelewa kunipima, baba, umekuwa hivi siku zote. Sasa sikiliza. Nataka sanduku. La kwangu. Una mbao gani?"

Jamani! Futi karibu amkumbatie. Alirudi nyumbani nusu anatembea nusu anakimbia. Wema umeuza! Shemeji alipopata habari alipiga kigelegele kwenye simu, akasema atamwandika kwenye faili lake kama mfano hai, ijapokuwa kwa biashara ile neno hai halikukaa vizuri. Sanduku moja si utajiri, lakini kwa Futi lilikuwa jibu la kumpa Vanishi. Angeweza kusimama mwisho wa mwezi akasema, kijana, nina kazi mezani.

Alikuwa na mbao za mvule alizozitunza miaka sita akisubiri kazi inayozistahili. Akazishusha. Kesho yake akampelekea Bibi kipande azione. Bibi akakigonga, akakinusa, akasema hapendi mistari yake. Akapeleka kingine. Mara akataka kuona vishikio. Vishikio vikaja, akasema hivi vya kuteka maji, niletee vya heshima. Siku nyingine akataka aelezwe pembe zinaunganishwaje, na Futi akatoa penseli akamchorea mgongoni mwa karatasi ya dawa, meno ya ubao huu yanavyoingia kwenye ubao ule bila msumari hata mmoja.

"Na hapa maji hayaingii?"

"Hayaingii, Bibi."

"Chora tena, sijaona vizuri."

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa ikiisha yeye bado anachora. Kati ya mchoro na mchoro walizungumza. Bibi alimweleza habari za dirisha la tiketi, jinsi mtu mmoja alivyokuwa akija kila Ijumaa kuuliza nauli ya kituo cha mwisho, miaka minne, na hakusafiri hata siku moja. "Nami kila Ijumaa nilimtajia nauli," alisema, "kwa upole, kama hajawahi kuuliza." Futi naye, bila kujua imemtokaje, akamweleza habari za Vanishi, pamoja na lile ambalo hata mke wake hakuwa amemwambia: kwamba alikwenda mara moja kulichungulia lile duka la vioo, akakuta kazi ya kijana ni safi, haina kasoro, na akarudi nyumbani akiwa na fahari na uchungu kwa pamoja.

"Mwalimu aliyepitwa na mwanafunzi amefundisha vizuri," Bibi akasema.

"Najua. Lakini inauma."

"Iache iume. Lete chungwa."

Zilipobaki siku nne, Bibi aliuliza, "Sasa, Fundi, unaanza lini?" Futi akasema leo leo. Alifika karakana, akalaza mvule juu ya meza, akapima, akatia alama ya penseli. Akashika msumeno. Akaurudisha. Akaunoa, ingawa ulikuwa mkali. Akaushika tena.

Mke wake alikuwa amekuja na chakula, amesimama mlangoni. "Mbona hukati?"

"Mbao mbichi hizi."

"Za miaka sita?"

"Zina unyevu wa ndani kwa ndani."

Mke akaweka sufuria juu ya benchi. Futi akakaa kwenye maranda. "Nikilimaliza," alisema, "atalihitaji."

"Hilo halitegemei sanduku, baba watoto."

"Mimi najua. Mkono ndio haujui."

Kesho yake saa kumi alikwenda kwa Bibi mikono mitupu, hata machungwa alisahau. Bibi alikuwa amepitiwa na usingizi. Futi akakaa akimwangalia, na macho yakaanza safari yao ya kila siku, utosini kushuka chini, mpaka yakafika miguuni. Na hapo yakasimama. Miguu ya Bibi, iliyovimba kwa ule ugonjwa wa moyo, ilikuwa imebanwa na vyuma vya mwisho wa kitanda. Kwenye nyayo kulikuwa na alama za vyuma, mistari mitatu mitatu, myekundu. Wiki tano alilala amejikunja si kwa kupenda.

Futi akatoa futi mfukoni, na kwa mara ya kwanza katika wodi ile, akapima kitanda. Futi tano na inchi kumi.

Jamani, fundi huyu! Siku sita nzima amempima mtu kwa macho, hakupima alicholalia. Miaka mingapi alitengeneza vitanda? Alitaka kujipiga kofi, na laiti wodi isingekuwa na watu, nadhani angejipiga. Alimfuata Sista Mkuu kwenye chumba cha dawa, akamweleza. Sista alisikiliza akihesabu vidonge.

"Kiwe cha kufutika kwa dawa, kisiwe na nyufa," alisema mwishowe. "Na Fundi, nikiona kibao chochote juu yake..."

"Hakuna kibao, Sista."

Mvule ukakatwa. Mkono ule uliokuwa hautaki, sasa haukutaka kupumzika. Alichonga siku mbili na nusu, akala amesimama, akapiga msasa mpaka mbao ikawa laini kama mkono wa mtoto, akapaka vanishi mara tatu. Shemeji alipita kuuliza sanduku limefikia wapi, akakuta kichwa cha kitanda kimeegemea ukutani. Aliuliza nani ameagiza. Futi akasema hakuna. Aliuliza nani analipa. Futi akasema ampishe, anaziba mwanga. Shemeji akaondoka na faili lake, kimya, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Siku ya mwisho ya mwezi, saa kumi kasorobo, Fundi Futi aliingia getini na mkokoteni wa mbao ndefu zimefunikwa kwa turubai. Naomba ufikirie mwenyewe. Mlinzi akavua kofia. Waliokuwa kwenye foleni wakashika vifua. Alipoziingiza wodi ya wanawake, mama mmoja akaanza kusali kwa sauti ya chini, akaitaja roho ya Bibi wa kona kwa jina. Bibi mwenyewe akajiinua kwa kiwiko, akaziona zile mbao, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaingiwa na woga.

"Fundi," alisema polepole. "Umelimaliza?"

Futi aliziweka mbao sakafuni. Alipiga magoti, akaunganisha pembe, meno ndani ya meno, bila msumari. Akalaza chaga. Akatandika godoro, na pale chini lilipopungua akajazia blanketi lililokunjwa nne. Manesi wanne wakamnyanyua Bibi, wakamlaza.

Bibi alinyoosha mguu mmoja, taratibu, kama mtu asiyeamini. Akanyoosha wa pili. Vidole vikaenda, vikaenda, visikute kitu. Akafumba macho na machozi yakateremka mpaka masikioni, wala hakujisumbua kuyafuta.

"Wiki tano," alisema. "Wiki tano, mwanangu."

Futi alikuwa bado amepiga magoti sakafuni. "Bibi, lile jingine sikutengenezei. Mbao zimekwisha. Na hata zingekuwepo nisingetengeneza. Tafuta fundi mwingine, unisamehe."

Bibi akafumbua jicho moja. "Nilishampata zamani. Langu liko kwa yule kijana wako mwenye vioo, tangu mwaka jana alipofungua. Nimeshalilipia. Zuri sana, linang'aa."

"Kwa Vanishi?" Nakwambia ukweli, kabla ya yote alishikwa na wivu. Ndipo akili ikamfikia. "Sasa... Bibi! Vishikio vyote vile? Michoro yote ile? Uliniagiza la nini?"

"Wewe ulikuja hapa na machungwa yenye hesabu," Bibi alisema. "Nilikuona. Nikajua mtu huyu akikosa biashara kwangu, kesho harudi. Basi nikakupa biashara."

Futi alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kitanda alichokichonga mwenyewe. Alikuwa amekuja kutega, kumbe ametegwa yeye, na kwa chambo chake mwenyewe. Hakujua acheke au alie, akafanya vyote kidogo kidogo. Bibi alishusha mkono wake mrefu, akauweka juu ya kichwa chake, ukakaa hapo.

Yule mama aliyekuwa akisali alikuwa ameshashuka kitandani, anapapasa ubao wa miguuni. "Fundi, mimi nyumbani ninacho kile cha boksi, kimekatika katikati. Kama hiki unachukua siku ngapi?" Nesi mmoja naye akasema, ukimaliza chake usinisahau, nataka cha wanangu wawili. Wala Futi hakuwaeleza sifa za mbao zake. Aliwajibu tu, wiki moja moja, na akasahau kuwapa namba ya simu, ikabidi waikimbilie koridoni.

Alifika karakana saa kumi na moja na nusu, akamkuta Vanishi amekaa juu ya gogo, koti limejaa maranda, simu zote mbili amezizima kwa heshima. Kijana akasimama.

"Mzee wangu, leo ndiyo tarehe."

"Nashukuru, mwanangu. Siji."

"Umepata kazi?"

"Vitanda viwili."

"Viwili tu, Mzee? Hivyo si wiki mbili?"

"Basi wiki mbili." Futi alichukua ufagio, akaanza kufagia, kisha akasimama. "Kuna sanduku kwako la Bibi mmoja wa stesheni. Futi sita na inchi moja."

"Lipo, liko mbele kabisa, dirishani." Uso wa Vanishi ukabadilika, mkono ukaenda mfukoni kutafuta simu. "Ndiyo kusema... nimwite dereva?"

"Weka simu chini," Futi akasema. "Nenda kaliondoe dirishani. Lipeleke nyuma kabisa ya stoo, upange vitu vizito juu yake. Halina haraka."